Kupunguza Mwendo si Kusimama

 

Wiki hii tumeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo, tena la kidunia, lisilostahili nafasi katika jarida la familia. Jambo lenyewe ni kile kibao chekundu chenye pembe nane kinachowekwa penye njia panda, mahali ambapo barabara ndogo huingia katika barabara kubwa, nacho humwamuru dereva asimame. Hatukusudii wale wanaokipita kwa kasi kana kwamba hawakukiona. Hao kosa lao liko wazi na sheria inawajua. Tunakusudia kundi kubwa zaidi, la watu wema, wenye kuswali, wenye watoto wao garini, ambao wakifika penye kibao huondoa mguu kwenye mafuta, hugusa breki kidogo, hutupa jicho upande mmoja, kisha huendelea na safari. Ukimwuliza mmoja wao kama alisimama, atakuapia kuwa alisimama. Gari lake halikusimama. Magurudumu hayakuacha kuzunguka.

Yeyote anayepita katika njia za Mombasa, kuanzia Majengo na Bondeni hadi Tudor, Kisauni na Likoni, ameyaona haya. Ndugu zetu wa Lamu huenda wakatucheka, kwani mji wao ulizoea punda. Lakini boda boda zimewafikia nao, na kicheko hicho hakitadumu. Ikifika alasiri, watoto hutoka skuli wakaelekea vyuoni, wasichana na mabuibui yao madogo, wavulana na kanzu zao, misahafu wameikumbatia kifuani. Huvuka njia panda zile zile ambazo dereva hupunguza mwendo na kudhani amesimama. Mtoto anapoliona gari linapunguza, hufahamu kuwa amepewa njia, naye huvuka. Dereva anapunguza ili apite, mtoto anaona amepunguza ili yeye apite. Hapo ndipo msiba unapozaliwa, na mara nyingi hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa akienda mbio.

Tofauti hii baina ya kupunguza na kusimama si ngeni kwetu. Katika vyuo vya mwambao mtoto hufunguliwa fiqhi kwa Safinatu Najaa, kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, na humo hujifunza nguzo 17 za Swala. Miongoni mwa nguzo hizo ni kutulia katika rukuu, kutulia katika itidali, kutulia katika sijida na kutulia katika kikao kilicho baina ya sijida mbili. Walimu wetu hufafanua kwamba mwili sharti uache harakati kabisa, viungo vitue, japo kwa muda mfupi unaotosha kumsabihi Mwenyezi Mungu mara moja. Aliyeinama akainuka pasi na kutua hakurukuu, ijapokuwa mgongo wake ulipinda na macho ya watu yakauona umepinda. Tunakijua sote kisa cha yule mtu aliyeingia Msikiti wa Madina akaswali haraka haraka, kisha akaja kumsalimu Mtume (S.A.W.), naye akamwitikia salamu na kumwambia arudi akaswali kwa kuwa hakuswali. Alirudishwa mara tatu. Hakuambiwa kuwa Swala yake imepungua, aliambiwa kuwa hakuswali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na kila mama anayemsomesha mwanawe Swala nyumbani huihitaji siku moja au nyingine.

Nasi hatusemi kuwa njia panda ni ibada kama Swala. Tunasema kwamba watu waliolelewa juu ya elimu hii hawana udhuru wa kutofahamu kwamba kitendo chenye kituo hakitimii bila ya kituo chake. Hata msahafu unatufundisha. Mtoto wa chuoni huoneshwa ile mimu ndogo juu ya mstari akaambiwa hapa kusimama ni lazima, kwa maana ukiunganisha, maana huharibika. Mfano unaotajwa sana ni wa aya ya 36 ya Suratul An'am: wanaoitikia ni wale wanaosikia, ama wafu, hao Mungu atawafufua. Msomaji akipita bila ya kusimama, wafu huingizwa miongoni mwa wenye kuitikia. Na wenzetu waliofanya kazi Saudia wamekiona kibao chekundu kikiwa na neno moja tu la Kiarabu, *qif*, ambalo shina lake ni lile lile la *waqfu* ya msomaji na la *wuqufu* ya hujaji Arafa.

Tuyatazame sasa mambo ya barabara yenyewe, kwani kibao hiki hakikuwekwa kwa kuwaudhi watu. Vibao vya kwanza vya kusimama viliwekwa katika mji wa Detroit, Marekani, mwaka 1915. Umbo la pembe nane lilipendekezwa mwaka 1923 ili lisifanane na kibao kingine chochote, na rangi nyekundu ilikuja kuwekwa huko katika mwaka wa 1954, kwani kabla ya hapo kilikuwa cha manjano. Hapa kwetu kuna kibao chengine ambacho watu hukichanganya nacho, nacho ni ile pembetatu iliyoelekezwa ncha chini. Hiyo humtaka dereva apunguze na awape wengine njia, na ikiwa njia ni nyeupe aweza kupita bila ya kusimama. Pembe nane zina hukumu nyengine. Huwekwa mahali ambapo dereva hawezi kuona ya kutosha akiwa katika mwendo, pengine kwa sababu ya ukuta, mti, kona au msongamano. Kwa hiyo dereva anayesema kwamba alitazama na hakuona kitu, basi hiyo ndiyo sababu ya kibao kuwekwa.

Jicho la mwanadamu lina ila yake. Mtu akilipitisha haraka kutoka kushoto hadi kulia, jicho halitiririki kama maji. Huruka kutoka nukta hadi nukta, na baina ya nukta mbili haliletei akili picha yoyote. Pikipiki nyembamba inayokuja huweza kupotea katika pengo hilo. Tena iko ile nguzo ya chuma iliyo kando ya kioo cha mbele, ambayo huweza kumficha mtu mzima, sembuse mtoto. Gari linalotambaa na mtu anayetembea huweza kwenda kwa namna ambayo mtu hubaki nyuma ya nguzo hiyo muda wote, hata dakika ya kugongana. Gari likisimama kweli, yule mtu huendelea na hatua zake akatokeza.

Na hesabu ni hii. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao dereva huuona kuwa ni kama kusimama, hukata zaidi ya mita 4 kila sekunde. Dereva huhitaji karibu sekunde nzima, na mara nyingi zaidi, kutambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki. Mita 4 hizo ni upana unaozidi vichochoro vingi vya Mji wa Kale. Upande wa pili, gari linalokuja katika barabara kubwa kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa mijini kwa Sheria ya Trafiki ya Kenya, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sasa mtu na apime mwenyewe: kusimama kikamilifu, kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto, huchukua kama sekunde 3. Mtu akikutana na vibao 20 katika siku nzima, atakuwa ametoa dakika moja.

Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika barabara zake, na kundi kubwa miongoni mwao ni wenye kwenda kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni. Si malaria, si vita.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia siku moja baada ya Swala ya Ijumaa. Kijana wake ni dereva wa tuktuk. Asubuhi moja mapema alitoka katika njia ndogo kuingia barabara kubwa, akamgonga mzee aliyekuwa akivuka na mfuko wake wa mahamri. Mzee alilazwa siku kadhaa, kisha akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jamaa za marehemu walikuwa watu wa imani, wakasema wamesamehe na hawataki kitu. Mama yule hakuja kuuliza habari za polisi wala bima. Alikuja kuuliza kama mwanawe amebakiwa na deni lolote mbele ya Mungu, na kila alipotaka kutueleza kisa alirudia neno moja: "Maalim, mwanangu alipunguza. Wallahi alipunguza." Tulimwuliza kama penye njia ile palikuwa na kibao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kipo."

Jawabu tulilompa tunaliandika hapa kwa sababu wengi hawalijui. Katika aya ya 92 ya Suratu Nisaa, Mwenyezi Mungu amemwekea mwenye kuua kwa kukosea mambo mawili. La kwanza ni diya, nayo ni haki ya jamaa za aliyekufa, ambao waweza kuisamehe na wakapata thawabu. La pili ni kafara: kumwacha huru mtumwa Muislamu, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Kafara si haki ya jamaa bali ni haki ya Mungu, na jamaa wakisamehe diya, kafara hubaki pale pale. Kwa kuwa watumwa hawapo leo, kilichobaki ni kufunga siku hizo bila ya kukata. Akila siku moja katikati bila ya udhuru wa kisheria, huanza upya. Mwanamke aliyeua kwa kukosea naye ni hivyo hivyo, isipokuwa siku zake za hedhi hazimkatii mfululizo. Maulamaa wa zama zetu hutofautisha baina ya dereva aliyezembea au kuvunja kanuni na dereva asiyekuwa na kosa hata chembe, kama vile aliyerukiwa na mtu ghafla asiweze kufanya lolote. Kwa hiyo kila kisa na kipelekwe kwa mwanachuoni kitazamwe peke yake. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, huhusika na ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mambo ya ajali hayamo, na mtu asingoje aitwe huko.

Ama kijana yule, kibao kilikuwepo naye hakusimama. Alifunga miezi yake miwili, mingine ya siku hizo akiwa katika jua la kaskazi, na tajiri wake alikwisha kumpa tuktuk dereva mwengine. Sasa ameipata nyengine. Mamake anatuambia kwamba siku hizi akifika penye kibao husimama hata walio nyuma yake wakampigia honi na kumtukana.

Wako wanaosema kwamba kanuni za barabara ni sheria za serikali na si za dini, basi kuzivunja hakuna dhambi maadamu askari hayupo. Suala hili lilikwisha kutazamwa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao yake Jedda lilikutana Brunei mwaka 1993, likatoa azimio juu ya ajali za magari, likasema kuwa kuzifuata kanuni za barabara zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisheria, kwa kuwa ndani yake mna maslahi ya watu na kinga ya nafsi zao. Hata pasingekuwa na azimio, Mtume (S.A.W.) aliwaambia Masahaba waliokuwa wakikaa njiani waipe njia haki yake, na katika haki alizozitaja ni kuzuia maudhi. Ikiwa aliyekaa tu kando ya njia ana wajibu huo, vipi anayepita na chombo cha chuma cha uzito wa tani nzima? Na mtu anayesimama akiwepo askari tu amekwisha kujijibu mwenyewe ni nani anayemwogopa.

Chanzo cha haya mara nyingi ni pupa. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiondoka Arafa alisikia nyuma yake kelele na watu wakiwapiga ngamia wao kuwaharakisha, akawaashiria kwa mjeledi wake akiwataka watulie, na akawafahamisha kuwa wema haumo katika kukimbiza wanyama. Wale walikuwa mahujaji, wamo katika siku tukufu, wanaelekea kwenye ibada. Hawakuruhusiwa. Basi anayekata njia panda ili aiwahi Swala ya jamaa, au amfikishe mtoto chuoni kabla ya kengele, ajiulize nani alimpa ruhusa ambayo mahujaji hawakupewa.

Kisa cha Anjasha nacho ni chenu hasa, kina mama. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri aliyewaongoza ngamia waliowabeba wanawake katika safari ya Mtume (S.A.W.). Ngamia wakichangamka kwa sauti yake waliongeza mwendo, na Mtume akamwita kwa jina akamtaka aende polepole, akiwafananisha abiria wake na vyombo vya kioo. Wafafanuzi wana maneno mengi juu ya Hadithi hii. Iliyo dhahiri kwetu ni kwamba mwendo wa chombo hupimwa kwa hali ya aliyemo. Leo mwanamke anashuka katika matatu ambayo haijasimama. Utingo amepiga bodi mara mbili, gari linaanza kuondoka, mguu mmoja wa mama uko chini na mwengine bado uko juu, mtoto mgongoni, upindo wa buibui umenaswa mlangoni. Kisha dereva atasema kuwa alisimama. Mama ana haki ya kukaa kitini hata gari lisimame kabisa, na ana haki ya kusema "Simamisha" kwa sauti inayosikika. Hilo si utovu wa haya. Abiria wenzake wakae naye katika neno hilo badala ya kumhimiza ashuke haraka ili wasichelewe.

Yako maneno ambayo hatupendi kuyaacha, ijapokuwa yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Tuktuk nyingi na matatu kadhaa zinazopita katika mitaa yetu ni mali za jamaa zetu, na si chache zilizonunuliwa na kina mama kwa pesa za chama. Dereva hutakiwa alete hesabu ya tajiri kila jioni, iwe mvua iwe jua, na kinachozidi ndicho chakula cha watoto wake. Tajiri akipandisha hesabu hata dereva akalazimika kuiba sekunde katika kila njia panda, tajiri naye ana fungu lake katika yatakayotokea. Mwenye chombo na amwambie dereva wake kwa ulimi wake mwenyewe kwamba anataka asimame penye kibao, na kwamba siku hesabu ikipungua kwa sababu hiyo hatamfukuza. Tunawajua matajiri wawili waliofanya hivyo, hawajafilisika.

Ndani ya gari la nyumbani, mtoto aliyekaa nyuma anasoma. Akimwona baba au mama anapita pembe nane bila ya kusimama, hujifunza kuwa nyekundu maana yake ni tazama kama kuna mtu anayekuona. Mke na amkumbushe mumewe kwa upole, na mume asilichukue kuwa ni kufunzwa udereva. Watoto wanaokwenda kwa miguu wafundishwe kwamba gari linalopunguza halijawapa njia. Wangoje magurudumu yatue kabisa, na wamtazame dereva usoni kabla ya kukanyaga lami.

Limebaki suala la vibao vyenyewe, kwani zipo njia panda ambazo kibao kilikuwepo, kikang'olewa kikauzwa chuma chakavu. Anayekinunua hana tofauti na aliyekiiba. Mstari mweupe nao hufutika. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini chini ya KURA, na nyengine chini ya serikali ya kaunti. Wananchi hupeleka malalamiko pasipo mahali pake, kisha wakasema hawakusikizwa. Tumekubaliana na walimu wa vyuo kadhaa kwamba kila chuo kiandike majina ya njia panda ambazo wanafunzi wake huzivuka na ambazo hazina kibao wala mstari. Kina mama wanaowapeleka watoto wanazijua kuliko sisi, basi nao watuandikie: jina la mtaa, jina la njia, na msikiti au duka lililo karibu. Karatasi zikabidhiwe kwa mwalimu wa chuo kabla ya Alkhamisi ya wiki ijayo, tuzipange kwa idara zake na kuzipeleka kwa pamoja.